Katibu na Ghala la Majibu

Katibu alikuwa anasoma kuanzia nyuma. Ukimpa karatasi za mfadhili, hata ziwe nene kiasi gani, alizigeuza kwanza, akalamba kidole, akaanza na ukurasa wa mwisho, kule kwenye viambatanisho na maandishi madogo ambayo sisi wengine hatukuwa tunayafikia. Kurasa za mbele, zenye picha za watoto wanaocheka na maneno makubwa, alizisoma mwisho, akiwa ameshaamua. Nilifanya naye kazi miaka kadhaa katika asasi ndogo pale Korogwe mjini, vyumba viwili na baraza, na sikuwahi kumwona akisoma kwa namna nyingine.

Jina analo, ila hapa Katibu linatosha. Hata wajukuu zake walimwita Katibu. Habari za alikozaliwa na ukoo wake siziandiki, kwa sababu mwenyewe ukimuuliza alikujibu kwamba hayo ni mambo ya kujaza kwenye fomu. Nilipomkuta alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa amejifunza kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge enzi za mashine nzito. Kwa hiyo aliipiga kompyuta vilevile. Tulikuwa tunabadilisha kibodi kila mwaka, na fundi alikuwa anatusalimia kwa furaha.

Kazi yetu ilikuwa kujibu mialiko. Mfadhili anatangaza kwamba anataka miradi ya aina fulani, anatoa mwaliko wenye maswali, na asasi kama yetu inaandika majibu. Majibu hayo ndiyo tunayoyaita andiko. Andiko likipendeza, kijiji fulani kinapata mizinga ya nyuki, au ghala la mahindi, au kisima. Lisipopendeza, mnaandikiwa barua ya kushukuriwa kwa ushiriki wenu.

Mialiko ilikuwa mingi na vijiji vilikuwa vingi, lakini moyo wa Katibu ulikuwa Mazingara. Huko, upande wa Handeni, wafugaji na wakulima walikuwa wanategemea lambo moja. Ng'ombe waliingia upande mmoja, akina mama wakachota upande wa pili, na maji yalikuwa yaleyale. Watoto waliugua matumbo kila kiangazi. Tangu kabla mimi sijafika, Katibu alikuwa anawatafutia kisima kirefu chenye bomba la watu na birika la mifugo. Kila mwaliko wenye neno maji ulipoingia, alisimama.

Nasema alisimama kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ofisini kwake kulikuwa na viti vitatu, na viti hivyo ndivyo vilikuwa mfumo wake wa kuchambua mialiko. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha mialiko ya kutupwa. Kiti cha wageni kilikuwa cha mialiko ya kungoja. Mwaliko wa kujibiwa aliuweka kwenye kiti chake mwenyewe, na hakukaa mpaka uwe umejibiwa. Wageni walimkuta amesimama juma zima, wakadhani anaumwa mgongo. Nao pia walisimama, maana kiti cha wageni kilikuwa na karatasi.

Mimi nililetwa kwa ajili ya programu. Bodi ilikuwa imesikia kwamba asasi za mijini zinatumia kompyuta kuchambua mialiko na kuijibu, wakataka na sisi tusiachwe nyuma. Programu yenyewe ilikuwa inapita kwenye barua pepe na tovuti za wafadhili, inakusanya mialiko, inaisoma, kisha inaipa rangi. Kijani, jibuni. Njano, fikirieni. Nyekundu, acheni. Baada ya hapo inachomoa maswali yote na, hapa ndipo nilipokuwa najivunia kama mimi ndiye niliyeitengeneza, inatafuta katika maandiko yenu ya zamani jibu linalofaa kwa kila swali na kuliweka tayari. Nilikaa miezi nikiskani makabati ya Katibu na kuyaingiza yote humo. Tukapaita mahali hapo ghala la majibu.

Katibu aliiita mashine ya uvivu. Lakini kila asubuhi, kabla hata sijaitikiwa shikamoo vizuri, alikuwa ananiuliza, "Imesemaje leo?" Nikimwambia, alitingisha kichwa, akaenda kwenye viti vyake kulinganisha. Huo ukawa mchezo wetu. Mimi nilikuwa na rangi, yeye alikuwa na viti, na nilitaka sana kujua yeye anajuaje.

Siku moja programu iliupa mwaliko wa wanawake na uongozi kijani kibichi. Katibu alikuwa ameshautupa kwenye kiti cha mlangoni.

"Katibu, huu ni wetu kabisa," nikamwambia. "Sisi wanawake tunao kila kijiji."

"Soma kiambatanisho cha mwisho. Wanataka picha kumi na mbili za wanawake wakiwa shambani, mkutanoni, wanacheka. Sasa rudi kwenye maswali. Kuhusu hao wanawake wenyewe wameuliza mangapi?"

Nikahesabu. Lilikuwa swali moja.

Kuna mwingine programu iliupa nyekundu, wa ufugaji nyuki, kwa kuwa sisi hatukuwa na mzinga hata mmoja. Katibu akauweka kwenye kiti chake, akasimama siku tisa. Alikuwa ameona swali la nyuma kabisa, lililouliza nani atautunza mradi mkishaondoka, na likataka majina ya watu, siyo maelezo. "Mfadhili huyu alishaumia mahali," akasema. "Huyu atasoma tunachoandika." Kikundi kimoja cha Makuyuni kikapata mizinga, na asali yake nimeila.

Sitaki ionekane kwamba alikuwa hakosei. Programu iliwahi kuona kwamba tarehe ya mwisho ya mwaliko mmoja imerudishwa nyuma katika tangazo la marekebisho ambalo yeye hakulisoma. Tukawahi kwa saa mbili tu. Siku ile, saa nne, akaniletea chai mezani kwa mkono wake mwenyewe, na maandazi mawili, na hakuna aliyewahi kuona Katibu akimpelekea mtu chai.

Alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Alikuwa anachukia uongo kiasi kwamba alishawahi kufuta neno "wengi" katika andiko akaandika "kumi na wanne", lakini ukimpigia simu yuko nyumbani anamimina chai, alikujibu kwamba ameshafika hapo kona. Aliwahimiza akina mama wa vijijini waseme wasiogope, na ofisini kwake hakuna aliyemaliza sentensi. Alikuwa mtu wa kanisa asiyekosa Jumapili, ila mwezi wa Ramadhani hakuchemsha chai ofisini, na sisi tusiofunga tukabaki na njaa bila thawabu yoyote. Nikilalamika, aliniambia nikanywe maji ya bomba.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni ile desturi yake ya kusoma. Hakuna andiko lililotoka pale ofisini kabla halijasomwa kwa sauti mbele ya watu linaowazungumzia. Hata kama tarehe ya mwisho ilikuwa kesho kutwa, alipanda basi, akashuka, akapanda bodaboda, akawakusanya watu kwenye baraza la ofisi ya kijiji na kuwasomea majibu moja baada ya jingine. Halafu alisubiri. Alisema andiko ambalo halijapingwa na mtu halijasikilizwa, kwa hiyo alikaa palepale mpaka apingwe.

Na walimpinga. Makuyuni tulikuwa tumeandika kwamba wanakikundi ni maskini. Baba mmoja akanyoosha mkono, akasema, "Mama, hilo neno liondoe. Nina binti anachumbiwa, na hizi karatasi hatujui zinafika kwa nani." Watu wakacheka, lakini Katibu hakucheka. Alilikata neno, akaandika "wakulima wenye mashamba madogo", akamsomea tena yule baba, akamuuliza kama sasa binti yake yuko salama.

Nilimuuliza mara nyingi desturi hiyo aliitoa wapi. Kila mara alinipa jibu jipya. Mara alisema amefundishwa na misheni kule Lutindi. Mara akasema anapenda upepo wa safari. Mara akaniambia nifanye kazi. Mimi ni mtu wa kuchokonoa, na jambo likiwa na majibu matatu najua kwamba lile lenyewe bado halijasemwa. Lakini sikulipata.

Kisha ukaja mwaliko wa maji. Ulikuwa wa visima vya watu na mifugo, kwa maeneo makavu, kana kwamba mtu alikuwa ameitembelea Mazingara ndipo akauandika. Programu ikaupa kijani. Katibu akausoma kutoka nyuma, akauweka kwenye kiti chake. Ilikuwa mara ya kwanza mashine na mtu kukubaliana siku hiyohiyo, na mimi nilifurahi sana. Ghala la majibu lilijaza karibu maswali yote. Swali la ishirini na moja lilikuwa linauliza kama mifugo ina njia ya kufika kwenye maji isiyo na mgogoro. Ghala likaleta jibu kutoka andiko la zamani: "Ndiyo. Mapito ya mifugo yapo, na mwenye shamba linalopakana ameridhia kuyaachia."

Jibu zuri, fupi, la Katibu mwenyewe. Sikuligusa.

Wiki ile mguu wake ulikuwa umevimba, haingii kwenye kiatu. Akaniambia niende mimi kusoma. Kwa kweli niliona ni kupoteza siku, maana majibu yalikuwa yake na alikuwa ameshayaandika zamani. Lakini nilijua angewapigia simu kuuliza kama nimefika. Nikaenda.

Mazingara walinipokea vizuri, wakanipa benchi barazani. Nikasoma. Nilipofika swali la ishirini na moja, mama mmoja wa wafugaji, mtu mzima mwenye shanga mpaka kifuani, ambaye wote walimwita Yeyo kama anavyoitwa mama kwa Kimaasai, aliinua mkono.

"Rudia hapo pa njia."

Nikarudia.

"Hiyo njia iko wapi, mwanangu?"

Nikaangalia karatasi kana kwamba kuna ramani. Yeyo akanieleza taratibu, kwa huruma. Njia ilikuwepo zamani, pembeni ya shamba la mzee mmoja, na ng'ombe walipita miaka yote bila maneno. Siku hizi mzee ameilima, ameweka mahindi. Wao wanazunguka mbali, na wakijaribu kupita hapo wanakamatana na wanawe kwa fimbo. Mzee mwenyewe siku hiyo hakuwepo. Ng'ombe hawakuwa na pa kupita kulifikia birika lolote, hata likijengwa la dhahabu.

Nilirudi Korogwe nikamweleza Katibu. Nilidhani atanigombeza. Aliniomba nimfungulie lile jibu kwenye kompyuta. Programu ilikuwa inaonyesha pia jibu limetoka andiko gani na liliandikwa lini. Akaangalia sana pale kwenye tarehe, amesimama, mkono mmoja ameuegemeza mezani kwa ajili ya mguu.

"Andika hapana," akasema.

"Katibu, tukiandika hapana tumekosa. Angalia."

Nikaandika hapana ili aone, na programu hapohapo ikageuza andiko zima kuwa jekundu. Nikamwambia wafadhili hawatakuja kupima shamba la mzee. Nikamwambia tupate kisima kwanza, habari ya njia wataimaliza wenyewe, maji yakishaonekana watapatana. Nilisema mengi, na kwa mara ya kwanza aliniacha nimalize.

"Andika hapana, mwanangu. Eleza na sababu."

Tukatuma hapana. Baada ya miezi mitatu ikaja barua ya kushukuriwa kwa ushiriki wetu.

Nilikasirika kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimewaona wale akina mama wakichota. Nikamwambia uso kwa uso, jambo ambalo katika umri wangu sikupaswa kumwambia mama kama yule, "Wewe ndiye uliyewanyima maji." Aliuchukua ule mwaliko, ambao safari hii hakuuondoa kitini hata tulipokwisha kutuma, akaupeleka kabatini, akarudi akakaa. Mwaka uliofuata mimi nikapata kazi Tanga, yeye akastaafu, na tuliagana kwa adabu tu.

Nimemwona tena mwaka huu. Asasi iliniita kuihuisha programu, na nilipoiwasha, mwaliko wa kwanza kupata kijani ulikuwa wa maji, wa mfadhili mwingine, kwa Handeni. Swali la njia ya mifugo limo. Ghala likaleta jibu, na lilikuwa lilelile la zamani, ndiyo, mwenye shamba ameridhia. Lile la hapana lilikuwa limeshindwa, na programu hupendelea majibu ya maandiko yaliyowahi kufika mbali. Nikalikodolea macho. Kisha nikapanda gari kwenda Makuyuni anakoishi sasa.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia habari ya mwaliko.

"Na lile jibu langu bado limo?"

"Limo, Katibu. Ndilo limekuja."

Akaweka ungo chini.

"Sikulisoma kwao," akasema. "Hilo moja tu. Mvua ilikuwa imekata barabara, tarehe ya mwisho ni kesho yake, na lile swali likawa linanitazama. Nikajiambia, ng'ombe si wanapita siku zote? Basi ameridhia. Nikaandika nikiwa Korogwe. Wafadhili wakalipenda, wakaja kukagua. Wakamshika yule mzee mkono mbele ya watu, wakamshukuru kwa kutoa sehemu ya shamba lake. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Aliona ameibiwa. Msimu uliofuata akalima njia, na kisima kikakosekana. Tangu hapo sikutuma tena andiko bila kulisoma."

Nikakaa juu ya kinu. Kwa hiyo njia haikufungwa na mzee. Ilifungwa na sentensi moja, na sentensi hiyo nimeihifadhi mimi, nikaiita akiba. Nilikumbuka nilivyomwambia kwamba aliwanyima maji, na niliona haya mbele yake.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa unanisifia majibu yangu." Akainuka kwa shida, akajishika kiuno. "Gari lako lina nafasi?"

Tulifika Mazingara kesho yake mchana. Alikuwa amepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji, na watu walikuwa wameshakaa barazani. Yeyo alikuwepo. Katibu akamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitika, "Iko," kwa uzito, kwa kuwa walikuwa hawajaonana siku nyingi. Mwenye shamba alikuja wa mwisho, mzee mwembamba mwenye kofia, akakaa mwisho wa benchi karibu na njia ya kutokea. Aliponiona na kompyuta akakunja uso.

Walimletea Katibu kiti. Hakukikalia. Aliitoa karatasi, ile ya zamani, akaisoma yote, swali na jibu, kwa ile sauti yake ya kusomea. "Ndiyo. Mapito ya mifugo yapo, na mwenye shamba linalopakana ameridhia kuyaachia." Halafu akasema, "Haya niliandika mimi. Sikuja hapa. Sikumuuliza mtu. Waliokuja kukushukuru, mzee, walidanganywa na mimi."

Mimi nilimtazama Yeyo, nikidhani atashangaa. Hakushangaa.

"Tulijua," Yeyo akasema. "Mzee alituambia siku ileile kwamba hakuulizwa. Sisi tukawa tunasubiri mwenye karatasi aje."

Mzee alikuwa ameinamia mikono yake.

"Nani alikuambia nimekubali?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi niulize."

Katibu akavua miwani. Nilikuwa nimemwona akiuliza maswali ya watu wengine miaka yote ile, kwa sauti ile kavu, na sikujua kwamba sauti yake inaweza kutetemeka.

"Mzee wangu, ng'ombe wapite kwako waende kwenye maji?"

Mzee akageuka akaangalia upande wa shamba lake, ambako mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Akafikiri. Watu wote tulikuwa tunamsubiri yeye, na nadhani kwake hilo peke yake lilikuwa jambo.

"Mniache nivune hili," akasema. "Wasipite mahindi yakiwa shambani. Nikishavuna, wapite pembeni, pale pa zamani, na wanangu nitawaambia mimi."

Katibu akanitazama. Nikafungua kompyuta, nikalifuta lile jibu kwenye ghala, nikaandika la mzee kama alivyolisema, pamoja na mahindi yake.